Choya, thomu na birimbi: miti shamba inaifanyia nini presha?

Shangazi yangu wa Chake Chake ana presha ya kupanda mwaka wa tisa huu, na kila akija Unguja lazima tupite Darajani, kwenye duka moja la dawa za asili ambalo harufu yake ya karafuu na mvuje hukupokea kabla hujafika mlangoni. Safari ya mwisho nilisimama pembeni nikatazama. Shangazi alisema, "Mwanangu, nipe ya presha," na muuzaji, bila kuuliza presha yenyewe inafika ngapi wala bibi anameza kidonge gani, akaanza kuchota: choya kavu ukufi mmoja, habasoda kijiko cha kulia, majani ya mstafeli yaliyoanikwa kivulini, vipande viwili vya mdalasini. Akafunga kwenye gazeti. "Chemsha, bibi, mpaka maji yabaki nusu, unywe kikombe asubuhi na kikombe jioni." Nikauliza kikombe gani, cha kahawa au cha chai. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari ina ndoo ngapi. "Kikombe tu, kaka."

Makala haya yametokana na swali lile la kikombe. Kiswahili kimetupa neno moja, kipimo, kwa mambo matatu ambayo mgonjwa wa presha anayahitaji yote: namba inayosomwa kwenye mashine, kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, na jaribio linalotenganisha dawa inayofanya kazi na dawa inayosifiwa tu. Mabishano mengi kuhusu miti shamba na vidonge vya hospitali, ambayo huku kwetu huchukua sura ya ugomvi baina ya wazee na madaktari, yangekuwa mafupi zaidi kama vipimo hivyo vitatu vingewekwa mezani tangu mwanzo.

Tuanze na namba. Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huisukumia mishipa inapopita ndani yake, na hupimwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza kusukuma damu, na ya chini ni ya wakati moyo unapotulia baina ya pigo na pigo. Shirika la Afya Duniani huihesabu presha kuwa ni maradhi pale ambapo, katika vipimo vya siku mbili tofauti, namba ya juu inafika 140 au zaidi, au ya chini inafika 90 au zaidi. Mwili huipandisha namba hiyo kwa njia chache zinazosaidiana: mishipa midogo hubana, figo hushikilia chumvi pamoja na maji yake, na mishipa ya fahamu huuhimiza moyo kupiga kwa kasi na nguvu zaidi. Dawa yoyote ya kushusha presha, iwe imetoka kiwandani au kwenye mti, lazima iguse angalau njia moja kati ya hizo. Kama haigusi hata moja, haina namna ya kuishusha.

Utafiti wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na presha ya kupanda. Wengi wa watu wa aina hiyo hawajijui, kwa sababu presha kwa kawaida haina dalili. Sisi huitambua kwa kichwa kuuma, kisogo kuwa kizito na macho kuona vimulimuli, na tukipata nafuu ya kichwa tunasema presha imeshuka. Ilhali mtu anaweza kutembea na 180 kwa miaka, akapanda mkarafuu na kushuka, bila kichwa kumgonga hata siku moja, mpaka kiharusi kimwangushe. Kwa hiyo kauli ya "nilikunywa nikajisikia mwepesi", ambayo ndiyo ushahidi mkuu wa miti shamba barazani, haitwambii chochote kuhusu presha. Inatwambia habari za wepesi.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hata watu waliosoma. Presha haikai mahali pamoja: hupanda mtu akigombana, akipanda ngazi, akibanwa na mkojo, au akimwona tu mhudumu mwenye koti jeupe. Mtu hupimwa siku aliyojihisi vibaya, namba ikasoma 165, akaenda kununua mizizi, akapimwa tena wiki ya pili akiwa ametulia, ikasoma 150. Hata angekunywa maji ya kisima matupu, huenda ingesoma hivyo hivyo. Ndiyo maana watafiti huwagawa watu kwa kura katika makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo kwa rangi na ladha lakini kisicho na dawa ndani, kisha wakahesabu tofauti baina ya makundi hayo. Kipimo hiki cha tatu kinachosha na kina gharama, lakini bila ya hicho hatuwezi kujua kama kilichoshusha presha ni mti au ni siku kupita.

Baadhi ya miti imefaulu kipimo hicho, na mmoja umefaulu kwa kishindo. Kwa karne nyingi matabibu wa India walitumia mzizi wa kichaka kiitwacho sarpagandha, kwa jina la kitaalamu Rauvolfia serpentina, kuwatibu walioumwa na nyoka, waliorukwa na akili na waliokosa usingizi. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kwamba mzizi huo hushusha presha. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha matokeo ya wagonjwa wake katika jarida la Uingereza la maradhi ya moyo, na mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitenga kutoka kwenye mzizi ule kemikali moja waliyoiita reserpini. Kazi yake ilikuja kufahamika: huzimaliza akiba za kemikali ambazo ncha za mishipa ya fahamu huzitumia kuuhimiza moyo na kuibana mishipa ya damu. Kiasi kinachotosha kwa siku ni chini ya nusu ya miligramu.

Jambo lililofuata halisimuliwi vya kutosha. Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi walikuwa bado wanabishana kama kushusha presha kunamfaa mgonjwa au la. Mwaka 1967 hospitali za askari wastaafu wa Marekani, chini ya uongozi wa Edward Freis, zilitangaza matokeo ya wanaume 143 ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Sehemu moja walipewa dawa tatu pamoja, yaani hidroklorothiazaidi, hidralazini na ile reserpini. Waliobaki wakapewa vidonge vitupu. Katika kundi la vidonge vitupu watu 27 walifikwa na madhara makubwa. Katika kundi la dawa walifikwa watu 2. Ushahidi wa kwanza mzito kwamba kutibu presha huokoa maisha ulibebwa, kwa sehemu, na mzizi wa kichaka. Kwa hiyo daktari anayeidharau miti shamba kwa jumla yake anakata tawi alilokalia.

Lakini hadithi ya reserpini ina upande wa pili, nao una faida kwetu. Ilipotumiwa kwa dozi kubwa, dawa hiyo iliwaletea baadhi ya wagonjwa huzuni nzito, pua kuziba na vidonda vya tumbo, na baada ya dawa nyingine kupatikana ikasukumwa pembeni. Mti ulikuwa wa asili na madhara yake pia yalikuwa ya asili. Afrika Mashariki nako tuna ndugu zake: msesewe, ambao gome lake Wachaga hulitia kwenye mbege, ni mti wa jamii hiyo hiyo ya Rauvolfia. Mtu hawezi kukisia kwa jicho kama kipande cha gome au mzizi kina robo ya miligramu au kina mara ishirini yake, kwa sababu mti uliomea kwenye udongo mwingine, au uliokatwa msimu mwingine, una nguvu nyingine. Kidonge kina kasoro nyingi, lakini cha leo na cha mwezi ujao vina kiasi kile kile.

Sasa turudi kwenye kifurushi cha shangazi, na tuanze na choya, ambayo wengine huiita rozela. Kati ya vyote alivyochotewa, hii ndiyo yenye ushahidi bora. Tunaloliita ua ni ile kanda nyekundu inayolizunguka tunda baada ya ua lenyewe kudondoka, na wekundu wake unatokana na rangi ziitwazo antosayanini, ambazo katika maabara zimeonekana kukizuia kimeng'enya (kichocheo cha mwili kinachogeuza kemikali moja kuwa nyingine) kinachotengeneza anjiotensini, kemikali ya mwili inayobana mishipa na kuziamuru figo zishikilie chumvi. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachozuiwa na vidonge kama kaptoprili na lisinoprili. Zaidi ya hapo choya huongeza mkojo, na kila aliyefuturu kwa gilasi mbili za choya anajua hilo bila kufundishwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo au inakaribia kupanda. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kila siku kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2, na waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka 1.3. Huko Mexico, mwaka 2004, wagonjwa walipewa gramu 10 za choya kavu iliyoloweshwa katika nusu lita ya maji kila asubuhi kabla ya kula, na baada ya wiki nne presha yao ilikuwa imeshuka kwa kiasi kinachokaribiana na cha wenzao waliokuwa wakimeza kaptoprili miligramu 25 mara mbili kwa siku. Watafiti hao hao, miaka mitatu baadaye, waliishindanisha choya na lisinoprili, na safari hii kidonge kikashinda. Mwaka 2015 matokeo ya majaribio matano yalipojumlishwa, wastani wa kushuka ulikuwa takriban 7.6 kwa namba ya juu na 3.5 kwa namba ya chini.

Je, milimita saba ni nyingi au ni chache? Jibu linategemea mahali pa kuanzia, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapoteleza. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila milimita 10 zinazopungua kwenye namba ya juu hupunguza kiharusi kwa zaidi ya robo. Kwa mtu mwenye 138, ambaye daktari amemwambia abadilishe chakula kwanza kabla ya kuandikiwa kidonge, milimita saba ni hatua ya maana. Kwa mtu mwenye 185, milimita saba humwacha kwenye 178, yaani bado yupo katika hatari ile ile aliyokuwa nayo jana, na ubaya wake ni kuwa sasa ana imani kwamba anatibiwa. Halafu majaribio yenyewe ya choya yalichukua wiki, hayakuchukua miaka, na hakuna kati ya hayo lililohesabu viharusi vilivyoepushwa; yalihesabu milimita tu. Na juisi ya choya tunayoizoea, yenye sukari ya kusimamisha kijiko, sicho kinywaji kilichopimwa Tufts.

Thomu ina ushahidi wake pia, ingawa njia yake ni ya kupinda. Punje nzima ya thomu haina ile kemikali inayotafutwa. Ukiiponda kinuni, vitu viwili vilivyokuwa vyumba mbalimbali hukutana, na kimeng'enya kimoja hukigeuza kingine kuwa alisini, yenye harufu tunayoijua. Moto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo thomu iliyotupwa nzima kwenye mafuta yanayochemka haitoi alisini ya kutajika, na iliyopondwa ikaachwa kidogo kabla ya kukaangwa hutoa zaidi. Majaribio yaliyojumlishwa yanaonyesha kushuka kwa takriban milimita 8 kwa wenye presha ya juu, lakini mengi yalitumia vidonge vya unga au vya dondoo iliyotengenezwa kwa kipimo maalumu. Kuyahamishia matokeo hayo kwenye sahani ya pilau ni kuipa pilau sifa isiyoiomba.

Habasoda ni jambo la kusema kwa adabu, kwa kuwa wengi wetu tunaijua kwanza kupitia hadithi ya Mtume, iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Muumini hana haja ya maabara ili aiamini hadithi. Lakini hadithi haikutaja vijiko vingapi, kwa presha ya ngapi, wala haikusema mtu aache dawa nyingine. Majaribio 11 yaliyojumlishwa mwaka 2016 yalionyesha kushuka kwa wastani wa milimita 3 tu, juu na chini. Ni kitu, ila ni kidogo. Mzunze, ambao bara huitwa mlonge, umeshusha presha za panya na una lishe nzuri kwenye majani yake. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba. Mdalasini nao tuupitie tu, hauna jipya hapa.

Mstafeli unanitia wasiwasi. Chai ya majani yake inasifiwa kwa presha na kwa usingizi tangu Karibi hadi huku, na dondoo yake imeshusha presha za wanyama wa maabara. Lakini mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti katika jarida la Lancet kwamba watu wengi isivyo kawaida walikuwa na maradhi ya kutetemeka na kukakamaa yanayofanana na Parkinson, yasiyosikia dawa za kawaida, na kwamba maradhi hayo yaliandamana na ulaji wa stafeli na unywaji wa chai za majani ya jamii yake. Kemikali inayoshukiwa, anonasini, huua chembe za ubongo katika maabara. Kuandamana si kusababisha, na tunda la stafeli la mara moja moja halijamtia mtu hatiani. Lakini chai ya kila siku kwa miaka, ambayo ndiyo mazoea ya mtu wa presha, ni jambo jingine kabisa.

Hapa nisimame kwenye birimbi, kwa sababu ni yetu mno. Hakuna mtaa wa Unguja wala Pemba usio na mbirimbi nyuma ya nyumba, matunda yamejipanga shinani kama vidole vya kijani, na mchuzi wa samaki usiotiwa ukali wa birimbi au ndimu huhesabika kuwa haujakamilika. Katika tiba ya kale ya Kiyunani, iliyopita kwenye majahazi pamoja na viungo na ikajichanganya na mazoea yetu, miili na vyakula hugawika kuwa vya moto na vya baridi, na presha inafahamika kama damu iliyopata moto au iliyokuwa nzito. Vitu vikali kama ndimu na birimbi vinasemwa kuwa "vinakata": vinakata mafuta na vinakata damu. Kwa mantiki hiyo, mtu mwenye presha na mafuta mengi mwilini huona ni busara asage birimbi mbichi akanywe gilasi nzima asubuhi.

Huko Kerala, kusini mwa India, wanakoipenda birimbi kama sisi, watu walifanya hivyo hivyo ili kushusha mafuta ya damu. Mwaka 2013 madaktari waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao ziligoma ghafla baada ya kunywa juisi hiyo, na wengi wao walilazimika kusafishwa damu kwa mashine kabla figo hazijarudi. Ukali wa birimbi umebeba oksaleti kwa wingi. Ikiingia nyingi kwa mpigo mmoja hukutana na kalisi na kuwa vijiwe vidogo vyenye ncha vinavyoziba mirija ya figo. Birimbi tatu kwenye mchuzi wa watu sita hazina tatizo hilo. Gilasi ya juisi ya birimbi mbichi ndiyo yenye tatizo. Na kwa kuwa figo ndizo zinazotoa chumvi na maji ya ziada mwilini, figo zilizoumia huipandisha presha, kwa hiyo dawa hii inaweza kumrudishia mtu maradhi aliyoikimbilia kwa ajili yake.

Urukususu una kisa kinachofanana na hicho, ila hauhitaji gilasi. Ni mzizi mtamu unaotiwa kwenye dawa za kikohozi na hutafunwa kulainisha koo, na kwa koo sina ugomvi nao. Kemikali yake, glisirizini, hukizuia kimeng'enya kinacholinda figo zisiamrishwe na homoni ya kotisoli. Ulinzi ukiondoka, figo hushikilia chumvi, potasiamu hupotea kwenye mkojo na presha hupanda. Nimeukuta ndani ya michanganyiko inayouzwa kwa jina la dawa ya presha. Muuzaji hakuwa na nia mbaya: alikuwa anaondoa uchungu wa mizizi mingine.

Linabaki suala la kuchanganya, ambalo ndilo hali halisi ya nyumba nyingi: kidonge cha hospitali asubuhi, chupa ya mizizi jioni, na kila mmoja kati ya daktari na tabibu hana habari za mwenzake. Madhara hapa hayahitaji sumu yoyote. Vitu viwili vizuri vinavyoshusha presha kwa njia moja vinaweza kuishusha kupita kiasi, na mzee akainuka alfajiri kwenda kutawadha akaanguka. Mshubiri unaoendesha tumbo hupoteza potasiamu, na ukinywewa pamoja na vidonge vya kuongeza mkojo upotevu huwa maradufu, kiasi cha kuuharibu mwendo wa moyo. Kinyume chake, mtu mwenye figo dhaifu anayemeza vidonge vya presha kama kaptoprili, losatani au spironolaktoni hubaki na potasiamu nyingi, na madafu matatu kwa siku, yenye potasiamu tele, yanaweza kumvusha mpaka. Balungi huzuia utumbo usivunje dawa za presha za jamii ya nifedipini na felodipini, kwa hiyo kidonge kimoja hufanya kazi ya viwili. Thomu kwa wingi humwongezea hatari ya kutoka damu mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini au aspirini. Na mama mjamzito mwenye presha asipewe chochote kati ya hivi kwa kisio, maana presha ya mimba inaweza kugeuka kifafa ndani ya saa chache. Yeye ni wa hospitali, moja kwa moja.

Kusajiliwa hakuondoi mashaka haya. Zanzibar tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili matabibu, na Wakala wa Chakula na Dawa unaosimamia bidhaa, na vyombo hivyo vina kazi kubwa ya kuwaondoa matapeli. Lakini cheti cha tabibu kinasema kwamba mtu anatambulikana katika kazi yake. Hakisemi kwamba mchanganyiko wake umeshindanishwa na kidonge kitupu ukashinda. Binafsi ningependa kuona choya ya mashamba yetu ikipimwa hapa hapa, kwa watu wetu, wanaokula muhogo na samaki, na kipimo chake kikaandikwa kwa gramu juu ya pakiti. Tuna wakulima na tuna maabara, na wagonjwa ndio usiseme.

Nilimrudisha shangazi Pemba na kifurushi chake, lakini kwa masharti aliyoyakubali kwa shingo upande. Mstafeli tuliutoa. Kidonge chake cha amlodipini hakiguswi, na daktari wake wa Chake aliambiwa kila kitu. Daktari alichotaka ni kuona namba tu. Kikombe kikawa kikombe cha chai, na choya ikawa kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, bila sukari, mara tatu kwa siku. Nikamwachia mashine ya kupimia mkononi na daftari la mistari: apime asubuhi kabla ya kula na kabla ya kidonge, akishakwenda haja, aketi dakika tano ameegemea kiti, miguu chini, asizungumze, apime mara mbili na aandike zote mbili, hata ile asiyoipenda.

Daftari limejaa wiki tano sasa. Wiki mbili za mwanzo, za kidonge peke yake, wastani wake ulikuwa 148 kwa 88. Wiki tatu za choya juu ya kidonge, 143 kwa 86. Yeye anasema ni choya. Mimi nimesoma pembezoni mwa kurasa, anakoandika pia alichopika, na nimeona kwamba kuanzia wiki ya tatu mchuzi wa papa, uliokuwa ukitokea siku nne kwa wiki, haupo tena, kwa sababu papa mkavu alipanda bei. Papa huhifadhiwa kwa chumvi, na Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Majaribio ya Marekani ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa kupunguza chumvi peke yake kunaweza kushusha presha kwa milimita kadhaa, karibu sawa na tulizoziona kwenye daftari. Kwa hiyo sijui nimshukuru choya au bei ya papa, na njia ya kujua ni kubadilisha kimoja na kukiacha kingine vile vile kwa wiki nyingine tatu. Nilimweleza hivyo kwa simu, akaniitikia vizuri sana. Jana amepiga tena: choya imekwisha, na nikipanda boti nisisahau kumchukulia papa wa Darajani, kipande kidogo tu.